Mate kwenye Chupa ya Jepkemboi

Jumatatu, 12 Mei 2025

Nimerudi kutoka shule ya Wamucii na bado nasikia kichefuchefu. Nilikuwa kwa cherehani, kola ya sare haijaisha, simu ikalia. Mwalimu Nekoye. "Mama Wamucii, kuja tu." Hakusema ni nini. Nikajua ameanguka, amevunjika mkono.

Heri angevunjika mkono. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ninavyofikiri.

Msichana wangu wa miaka minane alifungua chupa ya maji ya Jepkemboi, rafiki yake tangu nasari, akatema mate ndani. Akaita wengine watazame. Akatema tena. Akaifunga vizuri, akairudisha kwa begi ya mwenyewe. Jepkemboi akatoka kucheza na kiu, akanywa. Darasa likacheka. Ndipo mmoja akamwambia. Akatapika kwa sweta, kwa dawati, kwa viatu vya mwalimu.

Nilimkuta kwenye ngazi amevaa sweta ya mtu mwingine, anapangusa midomo, anapangusa tu. Hakuniamkia. Mtoto ambaye amelala kwangu, amekula kwa sahani zangu! Wamucii alikuwa amesimama kando akiangalia ukuta. Hakulia. Hiyo ndiyo imenichafua roho zaidi.

Jumanne, 13 Mei

Mume wangu Muigai anasema nimchape yaishe. Akasema hivyo, akawasha runinga.

Asubuhi Wamucii aliacha chai nusu kikombe. Siku zote mimi humalizia. Leo nimeimwaga kwa sinki. Kugeuka — ananiangalia. Sijui kama ameelewa. Nadhani ameelewa.

Nimemuuliza kwa nini, kwa nini, mpaka neno lenyewe likaisha maana. Anainua mabega tu. Lakini jioni nikimsuka, mgongo wake kwangu, hanioni uso, akaanza mwenyewe. Kuna msichana mpya, Lynette. Sasa Jepkemboi anaruka kamba na Lynette. Na Jepkemboi amemwambia Lynette kwamba Wamucii bado anakojoa kitandani. Alijua kwa sababu alilala hapa. Wiki nzima wenzake wanaziba pua akipita.

Mikono yangu ikasimama kwa nywele.

"Ulisikia aje?"

"Tumbo ilichoma. Ikapanda mpaka kwa shingo."

"Hiyo ni aibu. Na hasira. Na wivu kidogo."

"Zote pamoja?"

"Zote."

Baadaye akasema hakujua ziko na majina.

Nimemwambia hasira si makosa, kutema ndiyo makosa. Sijui imeingia. Usiku mwema nimembusu. Ilibidi nijilazimishe.

Jumatano, 14 Mei

Grupu ya wazazi kwa WhatsApp. Mtu ameandika: "Tunajua ni watoto wa watu gani wako na roho kama hiyo." Vidole gumba vikafuata. Kimoja ni cha mama tunayeimba naye kwaya, yule wa kunikumbatia kila Jumapili.

Watu wazima. Watoto wamekosana juu ya kamba na mikojo, wao tayari wamefika kwa kabila letu na la kina Jepkemboi.

Aliyejibu ni mmoja, Eddah, mama yake Jepkemboi mwenyewe: "Ni wasichana wawili wamekosana. Tuwachie hapo." Yeye ambaye mtoto wake alitapika. Kisha mtu akatuma picha ya maua na mstari wa Biblia. Ptuu.

Alhamisi, 15 Mei

Tumefanya mazoezi mimi na Wamucii. "Ikianza kuchoma tena, utafanya nini?" Nilitaka aseme atapumua pole pole, vile mwalimu alinishauri. Akasema: "Nitaenda choo nilie huko." Haya. Kwa sasa nimekubali.

"Na ukimaliza kulia?"

"Nimwambie Jep alitoa siri yangu."

Nimempigia Eddah. Sauti yake imechoka. Amesema Jepkemboi amekiri kuhusu hiyo siri, na yeye kama mama ameona haya. "Jumamosi nitamleta. Kila mmoja aseme yake, na sisi wazazi tunyamaze." Nilitaka kulia kwa simu.

Mama mkwe, Cucu yake Wamucii, ameingia kutoka Ainabkoi. Kliniki ya presha. Ameleta viazi na maziwa.

Ijumaa, 16 Mei

Nimefika nyumbani nikamkuta Cucu anamenya viazi, Wamucii ameketi miguuni pake. Alikuwa ameshasikia mambo ya chupa. Anamwambia, kwa sauti ileile ya hadithi:

"Hao si marafiki, mama. Leo wanakula kwako, kesho wanachoma nyumba yako. Mate ni kidogo."

Na Wamucii anacheka. Kwa mara ya kwanza wiki hii anacheka.

Ninajua alichopoteza mwaka ule wa vita vya uchaguzi, jirani akichoma jirani. Nyumba, ng'ombe, na mzee wake hakupona tena baada ya ile baridi ya kambini. Sijawahi kubishana naye juu ya hayo na sina haki. Lakini kumlisha mtoto hayo! Maganda ya viazi mkononi, anatabasamu.

"Mama, si kwa mtoto," nikasema.

"Afundishwe lini? Wakishachoma?"

Muigai aliangalia sahani yake. Mume wangu, baba ya huyu mtoto, aliangalia sahani. Chakula kilininukia vibaya nikakiacha.

Jumamosi, 17 Mei

Wamucii amejua maneno yake. Pole kwa mate. Uliniumiza ukitoa siri yangu. Amevaa mwenyewe, hata soksi.

Cucu amekataa kwenda kuota jua. Amekaa katikati ya sebule.

Wamefika. Ninaandika jikoni nikingoja chai, afadhali mikono iwe na kazi. Eddah alimsalimia Cucu vizuri, akainama, akanyoosha mkono. Cucu akarekebisha leso yake. Mkono wa Eddah ukabaki hapo. Jepkemboi amejificha nyuma ya sketi ya mamake. Muigai anasema mvua imekuwa nyingi mwaka huu.

Sasa Wamucii amekuja kunivuta nguo. Hajui kunong'ona, hajawahi kujua.

"Mama, niseme pole kwanza, ama nimuulize kwanza watachoma nyumba yetu lini?"

Mlango wa jikoni uko wazi. Huko sebuleni hata Muigai amenyamaza.