Nyar Asembo, Nasikia Unapumua

Mke wangu mpendwa, Nyar Asembo, binti wa kwao Asembo,

Nakuandikia kutoka Mombasa, kwenye mjengo. Simiti imenipasua vidole, kwa hivyo mwandiko usikushangaze. Shule nayo niliiacha mapema, unajua.

Unakumbuka ile wiki niliyokuja nyumbani Ahero, mpunga ukikaribia kuvunwa? Ulikaa kibandani na tumbo lako kubwa, umeshika kamba ya mikebe ya kufukuza ndege. Uliivuta mara moja tu, ukalala. Ukakoroma. Ndege wakashuka kama wageni walioalikwa. Mama yangu akacheka: "Nyar Asembo, ndege wanakushukuru." Jirani akasema mjamzito akikoroma hivyo ni mvulana, tena mnene.

Nilikuja kukuamsha, nikasikia mkoromo umekatika. Kifua kilipanda lakini hewa haikuingia. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Kisha ukashtuka kama mtu aliyetolewa ziwani. "Mbona unaniangalia hivyo?" ukauliza. Ukaniambia kila asubuhi kichwa kinakuuma, na hata ulale vipi, usingizi haukushibishi. Ulidhani ni mimba tu.

Mimi na Mama tukakupeleka kliniki, na nesi hakucheka. Alikupima presha, ikawa juu. Akatueleza kwamba pumzi ikikatika usingizini mama anaumia, na mtoto naye anaweza kukosa hewa, akazaliwa mdogo au kabla ya wakati. Kesho yake Mama alikaa kibandani yeye mwenyewe, akavuta kamba, na jirani alipoanza maneno yake akamkata: "Mkoromo si mvulana. Mkoromo ni hospitali."

Sasa uko Migosi kwa dada yako, karibu na madaktari, na ile mashine ya kusukuma hewa waliyokuazima. Unasema ukiivaa usoni unafanana na fundi wa kuchomelea vyuma. Fundi mrembo, basi. Dada anasema presha imeshuka na mtoto ameongezeka uzito. Siku ya kuzaa bado naiogopa, sitakudanganya. Lakini siku hizi nafanya kazi nikiwa na moyo.

Jana mchana uliniachia simu ikiwa hewani kando ya mto wako wa kulalia, ukalala. Mimi nilikuwa nakula.

"Bwana, unasikiliza nini? Hiyo simu haisemi kitu," mwenzangu akauliza.

"Nasikiliza watu wawili wakipumua."

Akaweka kijiko chini polepole, kisipige sahani.

Lala kwa ubavu, mama. Sitakuamsha.

Ni mimi mumeo, baba wa huyo anayekuja.