Mpishi Mkuu Alikuwa Chumba cha Pili

Kisugu, Kampala

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mola. Kikohozi cha Bibi kimepungua, na mdogo wangu Shakib ameng'oka jino la mbele, sasa hataki kucheka mbele ya watu. Barua hii nampa Bi Jamilah anayerudi Maskati kesho, maana uliniambia ujumbe wa simu husomwa na mwajiri wako kabla hujausoma wewe.

Mama, nina hasira, na mimi hasira siijui vizuri. Ikinipanda nalia tu, ndiyo maana nimeona niandike.

Wewe ndiye uliyesisitiza nisome sayansi kimu, ukasema nikilijua jiko kitaalamu nitaajiriwa hotelini kwa cheti, si kwa kuhurumiwa. Nimesoma kwa moyo. Kitabu cha uokaji cha maktaba nimekiazima mpaka mkutubi ameacha kuniuliza jina. Muhula huu mwalimu wetu, Madamu Akidi, alituahidi kwamba mpishi mkuu wa hoteli atakuja kuchagua mmoja wetu akafunzwe jikoni kwake wakati wa likizo. Nilioka mikate hadi Bibi akauliza kama tumefungua duka.

Alhamisi mpishi alikuja kweli. Lakini Madamu aliwaita wavulana wetu watatu tu, akina Farouk, akawapeleka chumba cha pili kuzungumza naye. Farouk, Mama, ambaye wali wake hukatwa kwa kisu. Sisi wasichana tuliambiwa tuna mgeni wetu. Alikuwa bwana wa kampuni inayopeleka wafanyakazi wa ndani Uarabuni. Alitaka tupige kanzu pasi, tutandike kitanda, tumwogeshe mwanasesere. Akatusifu kwamba waajiri wanawapenda wasichana wa somo hili kwa sababu hatuhitaji kufundishwa, tumekwisha kuiva. Rafiki yangu Bushira alininong'oneza kwamba basi kilichobaki ni kumenywa.

Nilinyoosha mkono nikauliza kwa nini sisi hatumwoni mpishi. Madamu alijibu kwa upole kabisa kwamba jiko la hoteli limejaa wanaume na matusi. Nyumba ya watu ndiyo yenye heshima kwa binti. Upole huo ndio ulioniumiza zaidi. Kumbe alipotufundisha kupanga mlo na kuhifadhi nyama, wavulana alikuwa akiwapa kazi, sisi akitupa utumishi.

Kisha fomu zikaanza kuzunguka, na Bushira akashika kalamu.

Hapa ndipo penye jambo la kukuungamia. Ulituusia tusimwambie mtu unafanya kazi gani. Majirani Bibi huwaambia wewe ni msimamizi wa jiko la hoteli, nami shuleni nimesema hivyo hivyo. Alhamisi nilisimama, nikasema: "Mama yangu yuko Maskati katika kazi hiyo. Pasipoti yake imefungiwa kabatini mwa mwajiri. Simu anapewa Ijumaa. Yeye pia aliambiwa ni kazi ya heshima."

Yule bwana alicheka, akauliza msichana ambaye alipoingia hata salamu yake haikusikika, sasa ameazima mdomo wa nani. Hakuna aliyecheka naye. Bushira alirudisha fomu tupu. Wengine wawili walijaza.

Nimetolewa darasani mpaka nimwombe mgeni radhi, na nafasi ya hoteli amepewa Farouk. Bibi hasemi nami, maana mtaa mzima umeshajua.

Mgeni sitamwomba radhi. Nakuomba wewe, kwa kuwa siri ilikuwa yako, nami nimeitoa bila ruhusa. Ukinikasirikia nitavumilia. Lakini niambie, Mama: kama kuna aibu hapa, ni yako wewe unayefanya kazi, au ni ya aliyekufungia pasipoti?

Shakib anakusalimu sana. Bibi hajatuma salamu, ila amekaanga karanga na kuziweka juu ya mfuko wa Bi Jamilah bila kusema ni za nani. Uzipokee, na uutunze mgongo.

Mwanao akupendaye,
Jannat