Kizulia Chini ya Mizani

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika. Mjukuu wangu ni mmoja wa wasichana kumi walioitwa kambini na ile timu ya baiskeli, kwa ajili ya kikosi chao cha vijana. Wiki mbili za majaribio kuanzia tarehe 26. Kati ya kumi watachukuliwa watatu, mkataba wa miaka miwili. Aliisoma mezani kwa sauti kavu, kana kwamba ni orodha ya vitu vya dukani, kisha akaenda uani kusafisha mnyororo wa baiskeli. Alikaa huko muda mrefu kuliko mnyororo unavyohitaji. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Msaka vipaji wa timu alipiga simu kunipongeza. Ndiye aliyemwona mwaka jana katika mashindano ya mlimani. Hakutaka kujua amekuwa wa ngapi — alikuwa wa sita. Alitaka kujua umri na uzito. Tangu siku hiyo mambo yote ni tarakimu. Walimletea pedali zinazopima nguvu ya miguu. Kila jioni faili linakwenda kwa kocha ambaye hatujapata kumwona. Kila asubuhi anapanda mizani bafuni, mimi nasoma, naandika. Jumamosi natia saini fomu, mimi nikiwa mlezi, maana wazazi wake wako mbali kikazi. Wati gawanya kwa kilo: ukipata nne nukta sita, wanakujua jina. Ukikosa, hawakukumbuki. Yeye ana nne nukta saba.

Msaka vipaji alisema kocha alifurahi alipopata habari za kazi yangu ya zamani. Miaka thelathini na moja nilikuwa mkaguzi wa mizani. Kuna walezi wanaowapunguzia watoto kilo kwenye fomu, alisema. "Lakini saini yako, Mzee, haihitaji mizani ya pili."

Nakiri maneno hayo yalinipendeza. Nimepiga rangi viatu vyangu vyeusi, na wala sina pa kwenda.

Jumatano, 5 Machi

Tulipeleka gurudumu la nyuma kwa fundi wa baiskeli. Kumbe naye aliwahi kuwa katika kikosi cha namna hii, akiwa na miaka kumi na minane! Anachechemea, siku zote nilidhani amezaliwa hivyo.

Wakati mjukuu wangu yuko nje akijaribu breki, fundi alinieleza mambo ya kambini. Hakuna aliyekatazwa chakula. Mizani iliwekwa tu karibu na mkate, asubuhi, na kila mmoja alipita hapo na sahani yake mkononi huku kocha akinywa kahawa. Chumbani walikuwa wanne. Mmoja sasa anauza vipuri, mwingine haongei na watu, wa tatu, fundi hajui aliko. Yeye mwenyewe alipotimiza miaka ishirini aliambiwa amechelewa kukomaa. Goti likabaki naye.

Nilimuuliza kwa nini hajamwambia binti. Alisema alimwambia. Tena mara mbili.

Binti alipoingia, fundi alimtania kama kawaida — "Injini, ukishakuwa mtu mkubwa usije ukajifanya hunijui" — akampa chupa mpya ya maji.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya.

Binti yangu, yaani shangazi yake, ambaye ni muuguzi na tunakaa naye, alifua kile kizulia kinene cha bafuni akakianika. Mizani ikabaki juu ya vigae. Mjukuu wangu akapanda. 55.4. Jana alikuwa 53.1. Akashuka, akapanda tena. 55.4. Akanitazama kana kwamba nimemwibia kitu.

Nilidhani mizani imeharibika. Nikatoa lile jiwe la kupimia, la shaba, la kilo kumi, nililopewa nilipostaafu. Juu ya vigae: kumi kamili. Nikaenda kukitoa kizulia kambani, bado kina maji, nikakitandika, nikapanda mwenyewe. Juu ya vigae nina 71.8. Juu ya kizulia, 69.2. Tumbo la mizani linazama katika manyoya, sehemu ya uzito inabebwa na zulia, na ile miguu minne midogo ya mizani haina habari.

Miezi mitano!

Nilipokuwa kazini, nikiingia dukani sikuanza kutazama mizani. Nilianza na kilicho chini yake. Niliwahi kumfungia muuza nafaka duka kwa sababu ya gunia lililokunjwa. Aliapa kwamba hakujua. Nilimjibu kwamba kutojua si utetezi, na nikaandika hivyo katika ripoti. Na humu bafuni kwangu — kizulia cha buluu. Nilikiweka mimi. Vigae vilikuwa vinamtia baridi miguuni.

Nimegawanya upya. Nne nukta tano.

Nilimwambia nitamwandikia kocha leo hii. Aliketi sakafuni, mgongo ukutani. Hakulia.

"Babu, ukisema sasa watamchukua wa kumi na moja. Ni kilo mbili tu. Nipe siku hizi kumi na sita nizitoe. Hutakuwa umedanganya. Utakuwa umewahi tu."

Sikuandika barua.

Ijumaa, 14 Machi

Kizulia nimekifungia kabatini. 54.6.

Ameacha mkate. Anakula matango na yai, tena katika kisahani cha kikombe. Alisema kwa ulaji huu wa sungura karibu ataanza kurukaruka. Hatukucheka. Shangazi yake aliuliza kulikoni, nikamjibu ni maagizo ya timu.

Sikumbuki mara ya mwisho nilipomdanganya binti yangu. Pengine alikuwa hajaanza shule.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya fomu. Mizani ilisema 54.4. Niliandika 53.0. Nikatia saini.

Mkono haukutetemeka. Hilo ndilo linalonisumbua.

Alhamisi, 20 Machi

53.9. Wati 236.

Nimegawanya mara mbili nikidhani nimekosea. Nne nukta nne. Kilo zinashuka, na nguvu inashuka kwa kasi zaidi. Alikuwa na hali nzuri zaidi akiwa na kilo zake zote. Mtoto wa darasa la nne angeliona jambo hili. Kocha aliandika mstari mmoja: uchovu wa kawaida, alale.

Mchana alianguka kwenye mzunguko wa barabara. Hapakuwa na gari. Hapakuwa na shimo. Anasema aliona giza, kisha lami. Ngozi ya kiwiko imechubuka, helmeti imepasuka upande mmoja. Kabla hajaoshwa kidonda alikuwa anauliza kama pedali ziko salama.

Shangazi yake alimsafisha jikoni. Kisha akaja sebuleni, akafunga mlango, akaniambia jambo ambalo mwanamke hamwambii baba yake kwa urahisi. Siku za mwezi za mtoto hazijaja. Wala mwezi uliopita hazikuja. Wala ule wa kabla yake. Kumbe hata zile kilo hamsini na tano zilikuwa tayari ni chache mno kwa mwili ule — na mimi nilikuwa nikizisoma kila asubuhi, nikiandika kwa mwandiko mzuri.

"Baba, wewe ndiye unayemsomea mizani," alisema. "Unasoma nini?"

Nikamweleza yote. Kizulia, fomu, yote. Alinisikiliza amesimama, mikono bado inanuka dawa ya kidonda. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alisema msaka vipaji anakuja Jumatatu kumpima mara ya mwisho, badala ya fomu ya Jumamosi, na siku hiyo mimi ndiye wa kusema, kwa sababu mimi ndiye niliyetia saini. Nikishindwa, atasema yeye.

Jumapili, 23 Machi

Nilimwambia mjukuu wangu kwamba kesho nitasema ukweli. Alikuwa anakunja nguo za safari. Ana begi dogo, kila kitu amekiviringisha, soksi ndani ya viatu. Aliendelea kuviringisha.

Nilieleza kwamba ana miaka kumi na saba, kwamba mwili ukipona mwakani anaweza kujaribu tena. Alisema mwakani atakuwa na kumi na minane, na watakuwa wamepata kumi wengine wenye kumi na saba. Ni kweli. Msaka vipaji mwenyewe aliniambia hivyo, kwa fahari.

Kisha akasema, bila kuinua kichwa: "Miaka yako thelathini na moja ilikuwa yako, Babu. Hii miwili ni yangu."

Leo hakula chochote mbele yetu.

Jumatatu, 24 Machi

Msaka vipaji alifika saa tatu asubuhi. Ni mfupi kuliko sauti yake ya simu. Mtu mwenye adabu. Alivua viatu mlangoni, akashika mkono wangu kwa mikono miwili. Shangazi yupo kazini hadi mchana. Mgeni alimsifu mjukuu wangu kwamba uso umechongoka, na alikusudia sifa hasa. Aliuliza habari za kiwiko. Akatandaza fomu juu ya meza, akanionyesha mahali pa saini yake na mahali pa yangu.

Bafuni hataingia, alisema, ni binti wa watu. "Wewe nisomee tu kutoka huko, Mzee. Mimi naandika."

Kifuani nilikuwa na maneno yangu, nimeyapanga tangu alfajiri. Nilitaka kuyasema hapo hapo sebuleni, kabla ya kupima. Lakini mjukuu wangu alikuwa ameshatangulia, nami nikamfuata.

Kabati lilikuwa wazi. Kizulia cha buluu kilikuwa chini ya mizani, kimenyooshwa pembe zote nne. Yeye alikuwa juu, mikono imelala ubavuni, mifupa ya mabega imechomoza kama vining'inizo vya nguo. Alikuwa anatazama ukuta.

51.3.

Juu ya vigae ni 53 na ushei, kilo zile zile nilizotia saini Jumamosi ile. Uongo wangu ulikuwa umekaribia kuwa kweli! Sikuelewa anataka nini tena na kizulia. Kisha nikagawanya. Wati 236 kwa 51.3. Nne nukta sita. Alikuwa ameshapiga hesabu, hadi nukta.

Na keshokutwa, kambini, mizani yao iko juu ya sakafu, karibu na mkate. Hizo kilo mbili atazitoa wapi?

"Ngapi, Mzee?" aliita kutoka sebuleni.

Mjukuu wangu aligeuza macho. Midomo yake imepasuka, sikuwa nimeiona. Nilimtazama, nikatazama kizulia, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi sebuleni kwamba nakwenda kuchukua miwani.

Niko chumbani. Jiwe la shaba liko mbele yangu juu ya daftari la uzito. Nyuma ya ukuta huu ni bafu, na sijasikia hatua yoyote. Bado hajashuka. Amesimama pale pale juu ya kizulia changu, ananingoja.

Msaka vipaji anaita tena, kwa upole uleule. Anauliza kama nimeiona miwani.

Ninaandika haya bila shida, mstari kwa mstari. Miwani iko usoni.