Tembe za Mama

Bukhayo,
Busia.
Jumapili, 15 Septemba 2024

Kaka yangu mpendwa Willis,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Joto la huko Doha unalivumiliaje? Na ule mgongo wako? Sisi hatujambo, isipokuwa presha ya Mama, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mama alijitolea kwenye utafiti wa dawa mpya ya presha, katika kituo kilichofunguliwa karibu na soko. Aliweka kidole gumba, mimi nikatia sahihi kama shahidi, shingo upande. Unanijua. Mtu akinipa kitu cha bure, kwanza naangalia mkono wake wa pili umeshika nini.

Muuguzi wao, dada anayeitwa Brendah, alieleza kwamba wengine hupewa dawa yenyewe na wengine tembe isiyo na kitu. Nikamuuliza Mama yuko upande gani.

"Hata mimi sijui, dada. Hata daktari hajui. Ni kompyuta inachagua."

Daktari asijue anachompa mgonjwa! Walituletea chai. Mama alikunywa. Yangu niliiacha ikapoa.

Miezi mitatu presha haikushuka. Kila tukienda walihesabu tembe zilizobaki kwenye chupa, na hesabu ilikuwa sawa. Nikajua tu wametupatia zile tupu. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia huyo Brendah.

Kisha Jumatatu Mama Mdogo akaanguka shambani aking'oa mihogo. Nilipomlaza kitandani, nikaona nusu tembe imefungwa kwenye ncha ya leso yake. Nyeupe, yenye mstari. Ya Mama kabisa.

Unakumbuka jinsi wake hawa wawili wa Baba wanavyogawana kila kitu tangu afariki: chumvi, sabuni, hata kitoweo cha omena? Basi Mama alikuwa anakata kila tembe kwa wembe, na Mama Mdogo anameza nusu yake juu ya dawa zake mwenyewe za presha za hospitali.

"Sasa mimi nimeze peke yangu, mwenzangu ananiangalia tu?" Mama aliniuliza, tena kwa hasira.

Niliona aibu, Willis. Nimewachunga watu wa kituo kama wezi, kumbe sisi ndio tuliokuwa tunawadanganya. Lakini hofu ilizidi aibu, nikampigia Brendah. Walikuja na gari, wakampeleka Mama Mdogo hospitali. Sasa anaweza kuketi na kula uji. Chupa ya Mama wameichukua, na hawajasema kama atarudi kwenye utafiti. Kama zile tembe zilikuwa na kitu, bado hawaniambii, na bado siwaamini sana.

Mama anasema nimemuuza. Tangu siku hiyo nikimwekea chai mezani anaitazama, ananitazama, anaiacha ipoe. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Msalimie wifi Sharlyne na Allan wetu. Mama Mdogo anakusalimu sana. Mungu akutangulie kazini na akurudishe ukiwa na afya.

Ukipiga simu, anza na Mama. Mwambie chai yangu haina kitu.

Dada yako anayekupenda na kukungoja,
Roselida