Barabara Iliyolowa

Kwako Dada,

Sisi wazima. Cherehani ya Mama imepona, na kila mteja anayepimwa nguo huelezwa kwamba wewe, bintiye, uko mwaka wa pili wa sheria.

Ahsante kwa maswali ya mantiki uliyonijibia ili nijiandae na mtihani wa kuingia chuo chenu. La nne linasema mvua ikinyesha barabara hulowa. Barabara imelowa, je, ni lazima iwe mvua? Ukaandika ndiyo. Kitabu kinakataa, maana huenda bomba limepasuka. Nikasema kuteleza si kuanguka. Lakini umeteleza vilevile kwenye la tisa na la kumi na tano, na ni wewe uliyeniambia kwamba chuoni kwenu haingii mtu asiyeyaweza haya.

Juzi orodha ya watahiniwa wa mtihani huo wa kuingia, wa mwaka huu, ilibandikwa. Juu tu ya jina langu kuna lako, yote matatu. Huenda ni bomba, Dada. Mama hajaiona, nami sikumwonyesha.

Viti vinafuata orodha. Nitakuja na penseli mbili. Swali la mvua likitokea, jibu ni hapana.

Mdogo wako