Ukurasa wa Sylvain

Kambi ya Dzaleka, Jumapili mchana

Mama mkwe wangu mpendwa,

Naandika nikitumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri na miguu imepungua kuvimba. Shemeji zangu wanaendeleaje? Mihogo ya huko Fizi imekomaa? Sisi huku tuko wazima. Divin anaota meno na hanilazi, njo maana mwandiko umelegea hivi. Unisamehe.

Ujumbe wako niliupata. Umeniomba nisichoke kumsubiri Sylvain, kwa kuwa Afrika Kusini ni mbali na maisha ya kule ni magumu. Nitakujibu, Mama, ila kwanza nikueleze habari ya kitabu cha kwaya.

Tangu Sylvain aondoke najifunza kuchapa kwenye kompyuta ya Lucie, mwenye duka la fotokopi hapa kambini. Kwaya ikaniletea nyimbo zake zote nizipange kabla ya kuzipeleka Lilongwe kuchapishwa kitabu. Faili lilikuwa limejaa kurasa tupu. Waliochapa, wakitaka wimbo uanze ukurasa mpya, walikuwa wanabonyeza Enta, Enta, Enta mpaka chini. Ukiongeza mstari mmoja juu, yote yanasukumana. Lucie akanionyesha kitufe cha kufichua alama zisizoonekana. Nikazifuta zile Enta, nikaweka mkato mmoja wa ukurasa, alama ya kuanzisha ukurasa mpya, kabla ya kila wimbo. Popote palipobaki peupe nikafuta. Nikafurahi kama mtu aliyemaliza kufagia nyumba.

Nikaenda City Centre ya Lilongwe, Divin mgongoni, wachapaji wakanitolea nakala moja ya kuangalia. Siku nzima neno nililoambiwa ni zikomo tu, yaani asante kwa lugha ya huku, na mwenye mashine.

Kwenye mazoezi mama Nahayo, mwimbaji wa sauti ya pili, alikifunua kitabu mbele, akakifunua nyuma, kisha akaniuliza: mama Divin, mtoto wangu umemtupa wapi? Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kumbe nilipokuwa nyumbani na kichanga, kwaya ilikubaliana kwamba kila mwimbaji anayehama aachiwe ukurasa mweupe, hadi atume wimbo alioahidi. Wa binti yake Irambona, aliyepelekwa Kanada, mi nimeufuta. Na wa bwana yako pia, akaongeza polepole. Nikaona aibu, nikaomba msamaha, nikaahidi kuzirudisha zote.

Kesho yake nikakaa kwa Lucie. Unabonyeza Kontroli na Enta, weupe unafunguka. Nikaanza na Irambona, nikaandika jina lake juu kwa herufi ndogo, asije akafutwa tena na mtu kama mimi. Nikafuatisha wengine. Nilipofika kwa Sylvain, Divin alikuwa amenilalia mapajani. Sikubonyeza.

Mama, Sylvain alinipigia simu kabla ya Pasaka. Aliniambia ana mke huko, na mtoto yuko njiani, nisimhesabu tena. Akaniomba nisikuambie kwa sababu ya presha yako. Nimenyamaza hadi leo. Nimekula nsima, ugali wa huku, peke yangu, nimelia Divin akiwa amelala, kanisani nikiulizwa habari zake nasema yuko salama. Nimechoka. Mama Nahayo nimemwambia wazi kwamba ukurasa ule sikuurudisha, na sababu yake. Alinitazama, akasema: basi lete huyo mtoto nimbebe, nawe ukae chini. Nikakaa.

Kwa hiyo, Mama, usiniombe tena nimsubiri. Akituma wimbo, kwaya watauimba, mi sitawakataza. Ila nafasi simwekei.

Najua nimekuumiza. Ukitaka kumpigia, kunywa dawa zako kwanza, na shemeji mmoja akae karibu nawe. Usimlaani, ni baba wa Divin. Na mimi usinihesabu kuwa nimeondoka kwako. Divin atakujua, na nikipata njia nitamleta umshike.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na majirani walionichezea siku ya harusi. Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri kuliko wangu.

Ni mimi, binti yako ukinikubali,
Gabriella, mama Divin