Muchezo ya Vita ya Kuchagua

Mardi, mangaribi. Mutoto analala.

Nilikuwa bado sijabajibu benzangu ba muchezo. Mi ndiye nilishindwa mara ya mwisho, na kwetu mwenye kushindwa ndiye anachagua muchezo ya vita yenye kufuata. Tuko batano, tunacheza kwa mail tangu miaka, bote bazoefu.

Bengi banataka ile mupya. Nimesoma kanuni yake nikinyonyesha. Ukikamata muji, unapata pointi kwa kufukuza raia na kubapakia mu train.

Tata Kalonji, mumoja wetu, balimufukuza hapa Kolwezi na batoto bake, juu ya kabila tu. Sasa anatuandikia toka Mwene-Ditu. Leo ameandika mbele ya bote: "Mama Grâce, chagua ile! Kwa kufukuzwa, mi niko prof!"

Bakacheka. Mi nilishindwa kucheka. Nikikataa, atasema namuhurumia, na huruma haipendi. Nikikubali, naogopa atatuacha.

Nikamwandikia yeye peke yake: "Tata, uniambie kweli."

Akajibu mbio: "Mama, batoto banasimamaka nyuma yangu wakati nacheza. Banasomaka yote."

Basi nimechagua ile ya zamani, vita ya meli tu, pasipo raia. Bengine nimebaambia kwamba ile mupya inaomba mail mingi kwa kila pigano, na courant ya umeme hapa inakatikaka.

Tata Mwamba wa Likasi hakukawia: "Mama anaogopa kushindwa tena!"

Bacheke. Afazali banicheke mi.